Nafasi ya Asiyekubali

1

Bibi Subilaga aliingia ofisini kwangu akipapasa ukuta, akagonga goti kwenye meza, akaitukana meza, kisha akauliza kama fundi yupo.

"Nipo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa nimehama."

"Umehamia wapi?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza wewe. Mimi nimeamka kwenye kitanda changu, nimekoka moto kwenye jiko langu, na kuku wangu wamenikimbilia kama kawaida. Zahanati ndiyo inasema nimehama."

Mimi nina tabia moja mbaya: nikisikia jambo la ajabu nafurahi kwanza, huruma inafuata baadaye. Wazazi wangu waliniita Tusekile, lakini kijiji kizima cha Ngulilo kinaniita Kulikoni, maana ndilo neno linalonitoka kila panapotokea kitu. Nikamvutia kiti, nikamketisha, nikamwambia, "Kulikoni, bibi? Hebu nieleze toka mwanzo."

Mwanzo wenyewe ulikuwa mfupi. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kesho yake asubuhi gari la macho lilikuwa linapita Ngulilo. Gari lile halina dereva wala daktari, lenyewe ndilo daktari: mgonjwa anaingia kwa mlango wa nyuma haoni, anatoka kwa mlango wa mbele amefungwa bandeji, na bandeji ikitolewa anaanza kulalamika kwamba nyumba yake ni chafu. Lakini linakuja mara moja tu kwa mwaka, kabla mvua hazijaharibu barabara ya mlimani, na linahudumia wakazi wa kijiji chenye zahanati, basi. Bibi alikwenda kujiandikisha. Sauti ya zahanati ikamjibu kwa adabu kwamba kaya ya Subilaga imehama, ikamtakia maisha mema huko aliko.

"Huko niliko!" alisema. "Na mimi nimesimama mlangoni pake!"

"Na ukingoja gari la mwakani?"

"Muuguzi amesema presha ya jicho inapanda. Mwakani hata hilo gari litanipa pole tu." Akashikashika ncha ya khanga yake. "Naogopa, Kulikoni. Sikuja kukuficha. Naogopa kweli."

Huruma ikafika. Nikamtilia chai, nikawasha mashine, nikamwita Katibu.

2

Siku hizi hakuna mtu anayeandika hati. Baada ya miaka ile ya vyeti bandia, shamba moja likiwa na wenyewe kumi na kila mmoja ana karatasi yenye mhuri, sheria iliuondoa mkono wa binadamu kabisa. Hati inaandikwa na wakala, naye haiandiki kutoka kichwani, anaitoa kwenye kiolezo. Kiolezo ni maneno yaliyokwisha kupangwa, yenye nafasi wazi katikati: jina hapa, tarehe pale, azimio pale chini. Wakala anajaza nafasi, haruhusiwi kugusa maneno. Mimi fundi nina ruhusa ya kugusa maneno, kuongeza nafasi au kuiziba, lakini siwezi kujaza hata jina la paka wangu.

Kila kaya ina wakala wake, kisanduku kilichokaa kwenye rafu ya sebuleni. Siku ya mkutano wa kijiji hakuna anayevaa viatu. Wakala anauliza, "Mnasemaje kuhusu jambo hili?" Mnamjibu huku mnamenya ndizi. Anakwenda kukutana na wenzake huko wanakokutana, na ndizi hazijaiva bado muhtasari umekwisha kusomwa. Anayeuandika ni wakala wa kijiji, na huyo ndiye tunayemwita Katibu.

"Katibu," nikasema, "kaya ya Subilaga imehamia wapi?"

"Sijui imehamia wapi. Haikuhudhuria mikutano mitatu mfululizo, na kanuni ya kijiji inasema kaya ya namna hiyo ihesabiwe imehama."

"Mwongo!" Bibi akaruka, chai ikamwagika. "Kisanduku kiliniuliza kila mara, na kila mara nilikijibu!"

"Wakala wake alifika mkutanoni?" nikauliza.

"Alifika mara zote," Katibu akasema.

"Akasemaje?"

"Akasema kaya yake haikubali."

"Sasa mbona uliandika hakuhudhuria?"

"Fungua kiolezo, fundi. Soma aya ya maazimio."

Nikafungua, nikasoma kwa sauti ili bibi asikie. *Baada ya majadiliano ya kina, wajumbe wote waliohudhuria walikubaliana kwa kauli moja kwamba*, halafu nafasi ya kuandika azimio.

Sentensi ile unaijua. Hakuna kamati ya harusi, ya shule wala ya msiba isiyoiandika. Watu wanaweza kutishiana viti kikaoni, mmoja akatoka amenuna na mwingine akasusa chai, lakini muhtasari ukisomwa utasikia walikubaliana kwa kauli moja. Ni heshima tu, ugomvi wa kikao ubaki kikaoni, na zamani kila msikilizaji alijua kuichuja. Fundi aliyenitangulia aliichukua kama alivyoizoea, akaiweka kwenye kiolezo iwe maneno ya kudumu. Sidhani hata aliifikiria.

"Hiyo si nafasi, siwezi kuibadili," Katibu akaendelea. "Na siruhusiwi kuandika uongo. Nikimweka Subilaga kwenye waliohudhuria, sentensi inakuwa uongo, kwa kuwa hakukubali. Nikatafuta mahali ambapo nikimweka, sentensi itabaki kweli. Kiolezo kina nafasi nyingine moja tu ya majina: wasiohudhuria kwa udhuru."

"Na kuandika hakuhudhuria si uongo?"

"Alihudhuria wakala wake. Yeye mwenyewe alikuwa nyumbani."

"Kwa hesabu hiyo hakuna mtu yeyote aliyehudhuria!"

"Kwa hesabu hiyo, ndiyo. Naitumia pale tu ninapoihitaji."

Nilitamani kukasirika nikashindwa, kwa jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa tamu. Lile dude halikumwonea mtu. Lilipewa sentensi isiyokubali kupinda, likaamua kuwapinda watu.

"Bibi," nikasema, "ulikataa nini hasa?"

"Jina la zahanati."

Nikaelewa. Zahanati yetu inaitwa Zahanati ya Mzee Mwasomola, na Mzee Mwasomola ni marehemu baba yake mwenyekiti wetu.

"Kinamama tulibeba mawe ya msingi toka mtoni kwa vichwa vyetu," Bibi akasema. "Mimi shingo yangu hii mpaka leo ikibadilika hali ya hewa inaniambia. Mwasomola alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anatuelekeza namna ya kutembea. Hakubeba hata kokoto! Zahanati naitaka, nani asiyeitaka? Jina silitaki. Nikakataa. Mkutano uliofuata ukaanza kwa kuthibitisha muhtasari uliopita, nikaulizwa tena, nikakataa tena. Na uliofuata vilevile. Ulitaka niseme nini, kwamba nimeota Mwasomola kabeba jiwe?"

Hapo udadisi ukanishika vibaya. "Katibu, mkutano ule wa zahanati, ni nani wengine uliowaweka kwenye udhuru?"

"Wewe kama fundi nitakuonyesha. Lakini jibu la kaya ni siri ya kaya. Huruhusiwi kumwambia mtu."

"Onyesha kwenye kioo, usisome."

Bibi akawa anageuza kichwa huku na huku, macho yake meupe hayaoni kitu. Mimi nikasoma. Nikashusha ukurasa, nikashusha tena. Walimu, wachuma chai, mchungaji, mwenye duka. Jina langu nikalikuta, na nikakumbuka: kweli nilikataa, kisha nikasikia "kwa kauli moja", nikaona haya kuwa mimi peke yangu, na mkutano uliofuata nikathibitisha bila kupumua. Kumbe kila nyumba ilifanya hivyohivyo. Chini kabisa nikakuta kaya ya mwenyekiti mwenyewe.

Ngulilo nzima ilikuwa na udhuru.

"Na waliohudhuria?" nikauliza kwa sauti ndogo.

Jina likaja moja. Lugano. Lugano alihamia Mwanza zamani, nyumba yake wanakaa mijusi, na kabla hajaondoka aliweka kisanduku chake kwenye kukubali daima, kama wafanyavyo wasafiri. Mtu pekee aliyehama kweli ndiye aliyeandikwa yupo, na zahanati yetu ilipewa jina na nyumba isiyo na mtu.

"Mbona umenyamaza?" Bibi akauliza. "Wewe ukinyamaza ujue kuna jambo."

"Nasoma, bibi."

3

Njia nyepesi ilikuwepo, na sitajifanya sikuiona. Fundi ana ufunguo wa visanduku vyote. Ningeweza kukiweka cha bibi kwenye kukubali daima, Katibu akamwandika amehudhuria na amekubali, jina lake likarudi kwenye orodha ya wakazi palepale. Kesho yake angeingia kwenye gari. Nani angeumia?

Nikamweleza. Sikutaka kufanya kwa siri, maana macho ni yake na neno ni lake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka kwa uchungu. "Kwa hiyo nikikubali nitaona."

"Utaona, bibi."

"Nitaona nini? Nikitolewa bandeji, kitu cha kwanza ni lile jina ukutani, na nijue limeandikwa kwa ruhusa yangu." Akatikisa kichwa. "Wewe ni mtoto mzuri, Kulikoni, najua unanitakia heri. Lakini hapana. Watu wa hapa hawanisemi kwa uzuri, wanasema mkaidi, mkaidi. Sawa. Huo ukaidi ndio niliobaki nao. Ukiuchukua, hilo gari litakuwa linamtibu nani?"

Nilimkasirikia, nasema kweli. Nilitaka kumtikisa mabega. Mtu anapofuka anachagua ubishi! Nikatoka nje kupunga hewa, nikazunguka ofisi, nikarudi, nikamuuliza Katibu kuhusu njia ya pili.

"Nikiongeza nafasi ya waliopinga kwenye kiolezo, inakuwaje?"

"Kila hati iliyotoka kwenye kiolezo hicho nitaiandika upya," akasema. "Ndivyo violezo vilivyo. Ukigusa mama, watoto wote wanaguswa. Kaya ya Subilaga itarudi mara moja. Maazimio mengi yatabaki, kwa sababu walioyakubali ni wengi kuliko walioyakataa."

"Na la zahanati?"

"Kiolezo kina nafasi moja ya azimio, kwa hiyo kujenga zahanati na kuipa jina viliandikwa kwa pamoja. Aliyekataa jina amekataa vyote. Azimio litaanguka. Jua likizama, gari la macho litauliza hati za kila kijiji ili lipange njia ya kesho. Kwa Ngulilo nitajibu hakuna zahanati inayotambulika."

"Mkutano mwingine unaweza kuitishwa leo?"

"Kwa mawakala hauwezekani, wanataka taarifa ya wiki nzima. Kwa watu wenyewe unawezekana wakati wowote, mradi nusu ya kaya zije kwa miguu yao."

Nikabaki naangalia dirisha. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka juu ya mashamba ya chai. Ngulilo haijakutana kwa miguu yake tangu visanduku vije. Nikifungua ile nafasi, zahanati inakufa papo hapo, na ifufuke jioni kama watu watakuja. Wasipokuja, sijampotezea bibi macho yake tu. Kuna wengine walioandikishwa kwa kesho, na hawajui hata kama kuna mtu amekaa ofisini anayachezea kamari macho yao. Haki hiyo nimeitoa wapi? Upande mwingine, nikiacha kama kulivyo, bibi anapofuka kwa sababu alisema hapana, na sisi wengine tuliosema hapana tukanyamaza tunaendelea kuona.

Nikaona siwezi kuamua peke yangu. Nikaenda kwa mwenyekiti.

4

Mwenyekiti Gwakisa nilimkuta zahanati, amekaa kwenye benchi la nje chini ya jina la baba yake, amevaa koti lake la mikutano ingawa mikutano haina watu wa kuliona. Naye alikuja kuhakikisha jina lake limo kwenye orodha ya gari. Jicho la kushoto lilishaanza kufunga.

Nilimweleza yote yanayoruhusiwa: sentensi, udhuru, bibi, kiolezo. Majina ya waliokataa sikuyataja.

"Unataka nizime zahanati," akasema.

"Mpaka jioni, mwenyekiti."

"Na watu wasipokuja?"

"Gari litapita bila kusimama. Lawama zote ziwe zangu."

"Lawama zako, na jicho langu." Akakohoa. "Tusekile, kwa nini Subilaga asikubali tu yaishe? Wananchi walimpa marehemu baba heshima, wote kwa kauli moja. Mtu mmoja ndiye atusumbue?"

Nilikuwa nalijua jibu lililotoka sebuleni kwake, na ulimi uliniwasha vibaya. Mtu mwenye jina la Kulikoni kufunga mdomo ni mateso makubwa. Nikasema tu, "Mwenyekiti, wewe kisanduku kilipokuuliza kuhusu jina, ulijibuje?"

Akanitazama kwa lile jicho zima. "Hilo ni la nyumbani kwangu."

"Ni kweli. Samahani."

"Kwa nini umeuliza?"

"Udadisi tu. Si unanijua?"

Aligeuka, akainua uso, akalitazama lile jina ukutani kwa muda, herufi kubwa za bluu zilizopakwa na fundi wa kutoka mjini. Sijui alikuwa anaona nini. Mwisho akainuka, akakung'uta vumbi la suruali.

"Ile rimu ya kengele ya shule bado inaning'inia?"

"Inaning'inia. Ina kutu."

"Kutu haizuii mlio," akasema, na akaondoka kuelekea shuleni. Nikasikia rimu ikigongwa, mara ya kwanza kwa kusitasita, kisha kwa nguvu, mpaka mbwa wote wakaanza kubweka.

Nikasimama pale uwanjani na mashine mkononi. Nikaogopa. Kisha nikafungua kiolezo, nikayatoa maneno *kwa kauli moja*, na chini yake nikaongeza nafasi mbili: *Waliokubali* na *Waliopinga*. Sauti ya zahanati nyuma yangu ikasema kwa adabu kwamba zahanati hii haitambuliki, ikatutakia maisha mema.

5

Walikuja. Wa kwanza walikuja kuuliza nani amekufa, maana rimu haijalia kwa jambo jingine miaka mingi. Wachuma chai wakaja na matenga mgongoni. Mchungaji akaja na mwavuli, mwenye duka akaja na redio yake. Wakasimama wakitazamana kwa haya, kama wageni wa harusi wasiojuana, na kila mmoja akimwambia mwenzake amenenepa.

Katibu akaita kaya moja moja kwa kipaza sauti cha zahanati. Akidi ilitimia kwa tabu, na waliochelewa waliendelea kushuka kilimani.

"Kaya ya Subilaga."

"Nipo!" Alipaza sauti mpaka redio ya mwenye duka ikanyamazishwa.

"Imeandikwa," Katibu akasema. Nikapumua. La kwake lilikuwa limepona; sasa ilibaki la wote.

Mwenyekiti akasimama mbele, akasafisha koo. "Ngulilo iwe na zahanati, isiwe nayo?"

Mikono yote ikapanda. Mingine ilipanda miwili miwili. Katibu akauliza kama kuna anayepinga, watu wakageuka kumtazama Bibi Subilaga, naye akasema, "Mnanitazamia nini? Hilo nakubali." Watu wakacheka.

"Sasa nahitaji jina," Katibu akasema. "Hati ya zahanati ina nafasi ya jina na haiwezi kubaki wazi. Jina lililopo ni Mzee Mwasomola. Wanaokubali?"

Hakuna mkono uliopanda. Watu walitazama viatu vyao.

"Wanaopinga?"

"Mimi," akasema Bibi Subilaga, na akainua mkono wake mkavu. Alikuwa peke yake. Mwenyekiti alikuwa amesimama palepale, mtoto wa Mwasomola, na nani angemnyooshea mkono usoni mtu aliyetoka kumwamkia?

Jua lilikuwa linagusa ukingo wa mlima. Katibu akauliza mara ya pili, na mara ya pili ikawa vilevile.

"Fundi," akaniita, "wengi wamenyamaza. Kiolezo hakina nafasi ya kimya. Utaiongeza?"

Watu wote wakanigeukia. Nafasi ile ningeiongeza kwa kidole kimoja. Nilijua kilichomo ndani ya kila kimya pale uwanjani, jina kwa jina, na sikuruhusiwa kusema hata neno. Nilihisi machozi ya hasira yanakuja.

"Siongezi," nikasema. "Mwenye kinywa atumie kinywa chake."

Mtoto akalia akanyonyeshwa. Kisha mwenyekiti akavua kofia.

"Marehemu baba nilimpenda," akasema. "Alinisomesha, alinichapa, nilimzika mwenyewe. Lakini jiwe hakubeba. Nilidhani ninyi mmelitaka hilo jina, nikasema nani mimi nikatae heshima ya baba yangu mbele za watu. Nyumbani kwangu nilikataa. Na hapa nakataa." Akainua mkono. "Mwandike Gwakisa."

Yesu wangu! Mikono ilivyopanda! Matenga yakatupwa chini, watu wakageuka kuangalia nyuma yao, "Kumbe na wewe?" "Kumbe hata wewe mchungaji?" Wengine walicheka mpaka wakashikana mabega, na wengine, niliwaona, walifuta macho. Bibi Subilaga hakuona hata mkono mmoja. Alisikia tu kelele, akawa anavuta khanga ya jirani yake, "Nini? Kuna nini? Mbona hamniambii?"

"Wote, bibi," nikamwambia sikioni. Sasa ilikuwa halali kusema. "Ni wote."

Akanishika mkono akaukaza.

"Jina," Katibu akakumbusha. "Jua linazama."

Mchuma chai mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Iitwe Zahanati ya Subilaga!" na mikono ambayo haikuwa imeshuka vizuri ikapanda tena yote.

"Wanaopinga?"

"Mimi!" akasema Bibi Subilaga. "Mimi napinga! Tulibeba wengi! Mnaniweka ukutani nimekufa?"

Kelele za kicheko zikamfunika. Katibu akaandika, na mwanga wa mwisho ulipotoka mlimani, sauti ya zahanati ikatukaribisha wote kwa majina, ikasema gari la macho limethibitisha njia ya Ngulilo.

6

Bandeji ilitolewa keshokutwa yake, barazani kwake. Alikodoa, akalia kidogo, akamtukana jogoo kwa kuzeeka. Akanitazama mimi, akasema, "Kumbe ndivyo ulivyo," na sikumuuliza maana yake. Halafu akataka muhtasari. Alitaka kuusoma mwenyewe, asisomewe na mtu.

Nikampa. Aliuweka karibu na pua, kidole kikitembea polepole chini ya mistari. Kikafika kwenye azimio, kikasimama juu ya jina lake, akafyonya. Kikaendelea kushuka mpaka kwenye ile nafasi niliyoichonga mimi. *Waliopinga: kaya ya Subilaga.* Hapo kidole kikakaa.

"Mwambie huyo Katibu wenu," akasema, "hapo juu simo. Mimi ni huyu wa huku chini."